Vidonge vya Siku ya Robota

Siku ya kufungua robota la mitumba, Rispa hutoka nyumbani Shauri Moyo kukiwa bado na giza. Soko la Gikomba halingoji mtu. Robota la nguo za watoto likikatwa, wateja hugombea, na ukiacha kibanda kidogo tu, unarudi kukuta hanga tupu.

Ndiyo maana siku hizo hakumeza kidonge chake cha presha. Kilimpeleka haja ndogo kila mara, na choo kilikuwa mbali. Kliniki alisema anameza kila siku. Presha ilikataa kushuka, na daktari Kyalo hakuelewa kwa nini.

Jioni moja Lydiah, jirani yake anayehudumu katika afya ya jamii, alibisha mlango wa Rispa.

"Mama Jacky, kliniki yetu inafanya utafiti. Tunataka kujua kwa nini presha za watu hazishuki na dawa wanapewa. Utakubali tukuulize maswali?"

"Utafiti? Mtufanye panya? Zii!" Rispa alikataa.

Phares, mumewe, alicheka. "Tuachie mama yetu, Lydiah."

Asubuhi ya kliniki, Rispa aliona vidonge alivyoruka vimebaki vingi. Ataniambia nini daktari? Akavimeza vyote kwa chai. Dawa ni dawa, alijiambia, huko tumboni zitajipanga.

Hazikujipanga. Akiwa kwenye foleni, macho yaliingia giza, akaanguka kama gunia.

Alipozinduka alikuwa kitandani, miguu imeinuliwa. Phares, aliyeitwa kutoka kazini, alisimama kando, bado amevaa aproni.

"Presha yako imeshuka vibaya sana," Kyalo alisema. "Umemeza nini leo?"

Rispa alilia. Akasema yote, choo na robota na vidonge.

"Vyote? Mara moja?"

"Nilikuwa nafidia, daktari."

Kyalo aliketi, uso umembadilika. "Mungu wangu! Na leo nilikuwa nikuongezee dawa nyingine, nikidhani unameza kila siku. Ningekuua, mama!"



"Kidonge ulichoruka hakifidiwi," Kyalo aliendelea polepole. "Unaendelea na cha leo. Lakini pia usiruke. Ukiruka, presha inapanda kimyakimya, na mshipa wa ubongo unaweza kupasuka hujasikia hata kichwa kikiuma."

"Woi!" Phares alishika kichwa.

Lydiah, aliyekuwa kando ya kitanda, alimshika Rispa mkono. "Hili ulilosema ndilo tulikuwa tunatafuta."

"Kumbe utafiti ni kuniuliza tu?"

"Huu wetu ni maswali tu, hakuna dawa ya kujaribiwa. Unaelezwa kwanza, kisha unakubali au unakataa. Ukitaka kutoka, unatoka. Ukikataa, bado unatibiwa vilevile. Na jina lako halitajwi."

"Basi niulizeni," Rispa alisema. "Niulizeni yote."

Utafiti ulipokwisha, watu wa mtaa waliitwa kuelezwa matokeo. Rispa alikaa nyuma, aibu imemjaa. Kyalo akasema wachuuzi wengi huruka dawa siku za soko, na baadhi yao hufidia kabla ya kuja kliniki. Rispa aliduwaa. Alidhani ni yeye peke yake! Kanyiva, mwenye kibanda kilichopakana na chake, aliinua mkono bila kuulizwa.

"Aki hata mimi," alisema.

Tangu hapo, kabla ya kuandika dawa, kliniki humwuliza mtu kazi yake na kama choo kiko karibu. Rispa alibadilishiwa dawa, akapewa isiyomkimbiza chooni. Lydiah naye huja sokoni na mashine ya kupima. Presha ya Rispa imetulia.

Ijumaa iliyopita robota lilikatwa, wateja wakajaa. Kanyiva alipaza sauti juu ya vichwa vyao.

"Mama Jacky! Umemeza?"

"Nimemeza!"

"Ya leo ama na za jana?"

Rispa alijishika kifua. Hata sasa akikumbuka ile foleni, mwili humsisimka.

"Ya leo tu, dada," alijibu. "Ya leo tu."