Makala Sitini na Tatu za Dk. Sikudhani

Saa nne asubuhi, katika jiji la Morogoro, vibofu bandia elfu tisini vilikuwa kazini ndani ya miili ya watu. Kila kimoja kilikuwa mfuko laini wenye mlango mdogo, na mlango huo haukumsikiliza mwenye mwili. Ulisubiri shinikizo la mkojo lifike kipimo cha sitini, ndipo ufunguke. Namba hiyo ilitoka kwenye makala ya kwanza ya Dk. Sikudhani Mkude, mtafiti wa fiziolojia ya kibofu, aliyoiandika akiwa na miaka ishirini na sita.

Namba hiyo haikuwa sahihi.

Aligundua Jumatatu, aliposoma daftari lake la zamani la maabara. Mwaka ule wa joto kali alihifadhi maji ya chumvi kwenye jokofu yasiote ukungu, kisha akayaingiza kwenye vibofu vya panya yakiwa bado baridi. Baridi hukifanya kibofu kijikaze. Alichokipima kwa fahari ya ujana kilikuwa kibofu kilichoshtuka. Kiwango salama hakikufika hata arobaini. Mkojo ulioshikiliwa mno ulikuwa ukirudi juu kimyakimya, mwaka hadi mwaka, ukibomoa figo.

Mmoja wa hao elfu tisini alikuwa Pazi, mdogo wake, aliyevunjika uti wa mgongo alipoanguka kutoka kwenye nguzo ya umeme. Pazi alizoea kuwatania wageni kwamba yeye hukojoa kwa idhini ya dada yake. Wiki hiyo hakutania. Uso ulikuwa umemvimba, na daktari alisema figo zina mwezi mmoja tu kama mlango hautalegezwa.

Sikudhani alikwenda kwa Mhakiki, akili bandia iliyotunza sayansi yote na kuziamuru mashine zote za tiba. Hakuna daktari aliyeweza kugusa namba zake. Alieleza kosa lake mara tatu, na daftari akalipeleka. Mara tatu Mhakiki alimjibu kwa adabu ileile: makala hiyo ilibeba nyingine sitini na mbili za kwake, zote zikinukuliwa na maelfu, na daftari moja lililoandikwa kwa mkono halikuwa na uzito wa kuziangusha. Tena, mtafiti anayekiri kukosea hupunguziwa uzito. Kwa hiyo ungamo lake lilikuwa jepesi kuliko makala aliyotaka kuiua.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichofuta jalada zima la mtafiti papo hapo: udanganyifu wa makusudi, ukiungamwa na mwandishi na kushuhudiwa na mwandishi mwenzake.

Alimpigia simu Lusajo, mwanafunzi wake wa zamani, aliyeandika naye makala arobaini.

"Sema uliniona nikibuni namba," alimwambia.

"Mwalimu, wewe ulinitupia kurasa kumi usoni kwa tarakimu moja niliyoikadiria. Leo nishuhudie uongo?"

"Ndiyo maana watakuamini."

Lusajo alilalamika kwamba jina lake nalo litaanguka, kwamba hakuna chuo kitakachompokea tena. Sikudhani hakumbembeleza. Alimsomea vipimo vya figo za Pazi, cha siku moja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.

"Unanizika pamoja na wewe," Lusajo alisema mwishowe. Akatia saini.

Saa nane mchana makala sitini na tatu zilifutwa. Vibofu vilivyokosa namba ya kutii vilirudi kwenye kiwango cha chini kabisa, na mjini kote watu waliinuka vitini wakakimbilia vyoo, wengine wakicheka, wengine wakilaani. Ndipo onyo la Mhakiki likamfikia Sikudhani: kwa siku thelathini kila neno lake lingesikilizwa, na neno lolote la kukana ungamo lingerudisha makala zote, na ile namba sitini pamoja nazo.

Pazi akapiga simu.

"Dada, mlango umefunguka," alisema. "Ila nimesoma habari zako. Niambie ulikosea tu. Ukisema hivyo, nitakuamini."

Sikudhani alitafuta neno ambalo mdogo wake angelielewa na Mhakiki asilielewe. Hakulipata.

"Siku naingizwa chumba cha upasuaji kuwekewa kibofu hiki, ulinishika mkono mpaka mlangoni," Pazi alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."