Mwanahiti Bustanini

"Umempa nani?"

"Punguza sauti, dada. Majirani wanasikia."

"Wasikie! Nakuuliza, Mwanvita, mwanahiti wa bibi umempa nani?"

"Dada Jinal. Yule anayetengeneza sanamu za bustani ya mjini."

Nasra alishika kiuno, akaketi kitandani taratibu. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mumewe alikuwa Kisaki, kazini relini, na katika chumba hicho cha Mafiga walibaki wawili tu, yeye na mdogo wake.

"Alitangaza mtaani," Mwanvita alijitetea. "Kila nyumba itoe kitu cha mti kilichokwisha kazi. Mama Shamimu katoa kinu. Wengine miiko. Mimi nikaona lile likinyago..."

"Likinyago! Na nani kakwambia kazi yake imekwisha?"

Mwanvita alitazama pale mwanahiti alipokuwa akilazwa.

Kilikuwa kinyago kifupi kuliko kiganja, hakina mikono, kichwani kina mafundo mawili ya nywele. Zamani kule milimani mwali akiwekwa ndani alipewa mwanahiti amlee kama mtoto. Amwogeshe, ampake mafuta, amlaze. Siku akitolewa nje, alimrudisha kwa wakubwa wa ukoo. Huyu hakurudishwa. Mwali wake, dada yake bibi, alifia ndani kabla ya siku ya kutolewa. Basi bibi ndiye aliyemlea miaka yote, kila jioni, kwa mafuta ya nyonyo. Naye alipougua, Mwanvita akaacha shule kidato cha pili ili amuuguze, na kazi ya mwanahiti ikawa yake.

Bibi alipofariki, Mwanvita aliifanya miezi mitatu. Halafu akaona haya kulea kinyago, akaacha.

"Tangu umpeleke, wangu hachezi," Nasra alisema, sasa kwa kunong'ona. Mkono ulikuwa tumboni. "Siku ya pili leo. Zahanati wanasema moyo wanausikia, nirudi kesho. Lakini hachezi, Mwanvita. Nenda kamlete. Asilale nje tena."

Mwanvita alivaa kandambili, akatoka.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha alipofika bustanini. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Uluguru, limelala juu ya nyasi, na taa zilikuwa bado hazijawashwa. Sanamu za Jinal zilikaa duara. Wanawake wa sementi, wameinamisha vichwa, hawana nyuso. Kila mmoja amepakata kitu cha nyumba ya mtu.

Kumi na wawili. Mwanvita aliwahesabu mwenyewe siku ya uzinduzi.

Akaanza kupapasa mapajani. Wa kwanza, mwiko. Wa pili, kinu cha Mama Shamimu. Wa tatu, mbuzi ya kukunia nazi. Sementi ilikuwa baridi, ina umande. Wa kumi, mchi. Wa kumi na moja, kigoda. Wa kumi na mbili...

Patupu.

Alikumbuka vizuri. Hapo ndipo Jinal alipomweka mwanahiti.

Ndipo harufu ikamjia. Mafuta ya nyonyo.

Alinyoosha mkono kwa aliyefuata, wa kumi na tatu. Paja lilikuwa laini.

Lilikuwa na joto.

Mwanvita aliuondoa mkono. Mbele yake aliketi msichana aliyejifunika kaniki, kichwa kimeinama kama cha wenzake wa sementi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, kama vya mtu asiyeona jua kwa miaka mingi. Vilikuwa vinasugua kitu. Polepole. Sww... sww... sww...

"Shikamoo," Mwanvita alinong'ona. Hakujua kwa nini.

"Polepole. Amelala."

"Nimekuja... nimekuja kumchukua."

"Anayechukua mtoto hutaja jina lake."

Jina! Bibi hakuwahi kulitaja. Mwanvita alitafuta kichwani, akakuta jina moja tu, ambalo Nasra alimnong'oneza juzi usiku, siri ambayo hata mumewe hajaambiwa. Likamponyoka.

"Mansuri."

Vidole vilisimama.

"Man... su... ri." Alilitamka kama anayeonja chumvi. "Jina zuri. Sikuwa na la kumwita." Akamweka mwanahiti kiganjani mwa Mwanvita. "Mpeleke. Akiamka, nitakuja."

Mwanvita alikimbia, kandambili moja ikabaki nyasini. Langoni aligeuka. Taa zilikuwa zimewaka.

Sanamu kumi na mbili.

Nyumbani alimkuta Nasra anacheka huku analia.

"Amecheza! Ulipokanyaga kizingiti tu, teke! Kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Njoo, leta mkono."

Mwanvita aliweka mkono. Teke likaja, la nguvu. Alitaka kufurahi. Mwanahiti waliyemlaza kwenye mto alikuwa anang'aa mafuta.

"Nani kampaka?" Nasra aliuliza. "Jinal?"

"Dada, lile jina uliloniambia... tulibadilishe."

"Tulibadilishe? Kwa nini?"

Mwanvita aligeukia mlango. Harufu ya nyonyo ilikuwa imezidi, na haikutoka kitandani.

Mtu aligonga. Taratibu, kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Hodi... Mansuri ameamka?"