Mzinga Wenye Koo

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo ndiyo iliyoyakata maisha yangu vipande viwili. Kabla yake nilikuwa mke wa mtu. Baada yake nilikuwa mke wa mtu anayeondoka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado ameketi mbele yangu anakunywa chai.

Nasimulia polepole. Mnivumilie.

Mume wangu alikuwa akitengeneza mizinga. Mtu akisikia hivyo hushtuka, lakini ilikuwa mizinga ya meli za mfano, zile meli ndogo za mbao ambazo watu huziweka kabatini ili wageni wazisifu. Mzinga mrefu kuliko yote haukuzidi kidole changu cha mwisho. Alikereza ufito wa shaba kwenye mashine, akauchonga mapete, akaupa kifundo nyuma na vishikio viwili ubavuni vya kukalia kwenye kigari chake. Mimi nilitengeneza vigari vya mbao, kisha nikaitia mizinga weusi kwa dawa ili ifanane na chuma cha zamani. Nilimwita Fundi hata chumbani. Yeye aliniita Bosi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikataa kazi mbovu.

Karakana yetu ilikuwa na sheria moja, ambayo Fundi aliipokea kwa mjomba wake aliyemfundisha kazi. Mzinga wa mfano una mdomo, hauna koo. Mdomo unautoboa kina cha punje ya mchele, basi. Na kule juu nyuma, mahali ambapo mzinga wa kweli huwashiwa baruti, unadonoa alama tu kwa ncha ya msumari. Matundu hayo mawili yasikutane kamwe.

Tulipokuwa wageni katika ndoa nilimuuliza sababu.

"Kitu kikikamilika hudai kazi yake," alisema.

"Basi nikamilishie jiko, nione litadai nini."

"Jiko halina shida, Bosi. Wewe unadai hata kabla halijakamilika."

Tulicheka, tukaiheshimu sheria bila kuifikiria tena.

Jioni ile ya Jumanne nilitoka kwenda kununua msasa. Njiani nikasimama kwa jirani yetu mshonaji, ambaye hukaa na cherehani yake mlangoni mpaka giza limfukuze.

"Mumeo bado anapigana vita vya sisimizi?" akaniuliza.

"Anapigana, na sisimizi wanashinda."

Nilirudi nikiwa bado natabasamu. Karakana ilikuwa chumba chetu cha mbele. Nilipofungua mlango, nilimkuta mteja ameketi kwenye kigoda, na meli mapajani.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakohoi.

Chumba kile kilijaa moshi wa mafuta ya mashine na vumbi la shaba. Kila mgeni aliyeingia alikohoa, hata mtoza takataka. Mtu huyu alikaa kimya. Nguo zake zilikuwa na harufu ya kiberiti kilichozimwa kwa maji. Nikatazama kifua chake. Sijui kwa nini nilikitazama... Hakikupanda. Hakikushuka.

Meli yake ilikuwa nyeusi. Ubavuni ilikuwa na safu ya vidirisha vya mizinga, vyote vimefungwa isipokuwa kimoja.

"Nataka mmoja tu," alimwambia Fundi, kwa sauti ndogo ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa aliyelala. "Wenye koo."

Fundi akatikisa kichwa. "Huo sitengenezi, mzee wangu. Yangu ni ya kutazamwa."

"Nilijua utasema hivyo. Wasioweza wote husema hivyo."

"Sikusema siwezi."

"Tundu jembamba kama unywele, ndani ya shaba, bila kuvunja keekee ya kutobolea..." Yule mtu akainuka. "Si kosa lako, fundi. Mkono nao huzeeka."

Mume wangu ungeweza kumwita maskini akacheka. Ungemwita mbaya wa sura, angekuletea kioo mthibitishe pamoja. Lakini mkono wake ulikuwa kitu kingine. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Fundi," nikasema, "twende tukale."

"Kaa, mzee," akamwambia mteja, kana kwamba sikuwapo. "Nitakutobolea mmoja uone. Kisha nitauziba."

Akatoboa mdomo, ndani zaidi kuliko siku zote. Akaugeuza. Akachagua keekee nyembamba kuliko zote, akaanza kushuka kutoka juu. Shaba ililia kwa sauti nyembamba. Mimi nilikuwa nimesimama na msasa wangu mkononi.

Matundu yakakutana.

"Haaa..."

Haikuwa mashine. Ilikuwa pumzi, kama ya mtu aliyezama akapata kutoa kichwa juu ya maji.

Fundi akazima mashine. Tukatazamana. Yule mteja alikuwa ameshafika mlangoni na meli yake kwapani.

"Usiuzibe," alinong'ona. "Uache ukomae. Nitaufuata."

Asubuhi Fundi alikuwa na kidoa cheusi kifuani, kidogo kama kichwa cha sindano. Alisema ni cheche iliyomruka. Nikaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi.

Siku hiyo nilikuwa na mizinga ya kutia weusi, nikauchukua na ule. Nikaushika kwa koleo, nikautumbukiza kwenye bakuli la dawa.

Mapovu yakatoka kwenye tundu la juu. Hilo ni jambo la kawaida, hewa hutoka. Lakini yaliendelea. Yalitoka, yakatulia, yakatoka tena, taratibu.

Kisha yakakoma.

Nyuma yangu kigoda kilianguka.

Fundi alikuwa sakafuni. Macho yamemtoka, mikono imeshika koo, mdomo wazi na hakuna sauti. Nilisimama kama gogo. Sijui ni nani aliyeuinua mkono wangu, labda Mungu mwenyewe. Mzinga ulipotoka kwenye dawa, mume wangu alivuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akatema.

Alitema dawa nyeusi.

Niliufuta mzinga ule kwa kitambaa laini, kama mtu anavyomfuta mtoto mchanga, nikauweka kwenye kigari chake. Ulikuwa na joto.

Tulisali. Sitaki mtu aseme hatukusali. Tulisali asubuhi na jioni, tukiwa tumeshikana mikono, na mkono wa Fundi ulizidi kuwa mwepesi kila siku. Daktari alipima kifua akasema hasikii kitu kibaya. Kidoa kilikuwa kikizama ndani. Kadiri pumzi ya Fundi ilivyokuwa fupi, ndivyo ile ya mzinga ilivyokuwa ndefu. Hata ukiwa chumba cha pili uliisikia.

Haaa... Haaa...

Jioni moja nilikuwa navuka karakana nimembebea kikombe cha chai. Mzinga ulikuwa mezani, umeelekezwa ukutani. Nikasikia mbao ikikwaruza mbao. Nikageuka.

Mdomo ulikuwa unanitazama.

Nikasogea kulia. Kigari kikakwaruza. Nikarudi kushoto, nikasimama. Nao ukasimama.

"Fundi..."

"Najua," akasema bila kuinua macho.

"Tangu lini?"

"Tangu usiku ule wa kwanza. Kila ukisinzia naugeuza." Akanyoosha mkono, akaugeuzia ukutani tena. "Unakutafuta wewe tu, Bosi. Mimi haunitaki."

"Tuuyeyushe!"

"Na pumzi yangu iende wapi?"

"Tuutupe basi, mbali."

"Niliutupa darajani juzi. Nilipofungua mlango wa nyumba, ulikuwa umeshafika." Akajaribu kucheka. "Una miguu kuliko mimi."

Tangu jioni hiyo alilala kwenye kiti mlangoni mwa karakana, kati ya kitanda changu na ile meza. Nilimsihi anipeleke kwa ndugu zangu. Akasema darajani kumemfundisha, kwamba mimi nikienda, mzinga nao utakwenda, na huko hakutakuwa na mtu wa kuugeuza. Nilielewa basi kilichokuwa kikitusubiri. Mmoja wetu angeondoka katika nyumba ile, na tulikuwa tukigombania bila maneno awe nani.

Siku ya mwisho ya mwezi, Fundi alikichomeka kifaa cha kulehemu kwenye umeme tangu alasiri. Nilidhani amepata nguvu ya kufanya kazi, nikafurahi. Jua lilipokuwa linazama, hodi ikapigwa. Sikuitikia. Mlango ulifunguliwa hata hivyo.

Harufu ya kiberiti. Maji na kiberiti.

Yule mtu aliiweka meli yake nyeusi mezani, kando ya mzinga. Akavifungua vidirisha kimoja kimoja kwa ukucha. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mdomo wa shaba. Na katika kila mdomo...

Haaa... haaa... haaa...

Zilikuwa nyingi. Nyingine za haraka, nyingine za kuchoka. Moja ilikuwa na kikohozi.

"Kila mmoja na fundi wake," alisema kwa upole. "Wako umekomaa. Umebaki kujaribiwa."

"Kujaribiwa vipi?" niliuliza.

"Mzinga hauingii melini kabla ya kupigwa mara moja. Na pigo la kwanza ni la yule ambaye fundi anampenda."

Mbao ikakwaruza mbao. Mdomo ukanigeukia. Kule juu, tundu likaanza kuwa jekundu, kama jicho la mtu aliyekosa usingizi. Nikasikia ule mzinga ukivuta pumzi, ndefu, ndefu, ndefu... na mume wangu, kitini, akawa hana hata chembe.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikaanza kutaja jina la Mungu.

Fundi aliinuka. Sijui aliinuka na nini, maana pumzi hakuwa nayo. Akauchukua mzinga mkononi na nikasikia ngozi yake ikiungua. Akaubana mdomo wa mzinga kwa dole gumba. Kwa mkono mwingine alileta kile kifaa cha moto na waya wa kulehemu, akavigusisha juu ya tundu, taratibu, bila kutikisika, kama anamalizia kazi ya mteja mkorofi.

Midomo yake ilisema kitu bila sauti. Nilikisoma.

"Geuka, Bosi."

Sikugeuka. Mungu anisamehe, sikuweza kumwacha afe peke yake.

Tone la waya likayeyuka, likaingia, likaziba.

Kimya.

Hata zile pumzi za melini zilikoma, kana kwamba mafundi wote walikuwa wanasikiliza. Fundi alinitazama mpaka macho yake yalipoacha kuona. Kisha akaanguka kifuani kwangu, na hakuwa mzito hata kidogo.

Yule mtu aliuangalia mzinga ule katika ngumi ya marehemu. Alikuwa na uso wa mnunuzi aliyekuta kitambaa kimetobolewa na panya.

"Umeharibika," alisema.

Akavifunga vidirisha vyake, akabeba meli yake, akatoka.

Nilipiga kelele, na jirani yetu mshonaji akaja mbio, sindano ingali kwenye kola. Baadaye, tulipokwisha kumlaza Fundi, nilimuuliza kama alimwona mtu akitoka. Alinishika mabega.

"Dada yangu, nimekaa mlangoni tangu mchana. Hakuna aliyeingia kwenu wala kutoka."

"Hata siku ile niliponunua msasa?"

Alifikiri. "Siku ile nilikuona wewe tu. Lakini..." Akajifunika khanga vizuri. "Lakini kuna mtu alipita akaniuliza ni nani anayempenda sana mkewe hapa mtaani. Nikamwonyesha kwenu. Nilidhani ni maneno ya mzaha."

Sikumlaumu. Hata mimi ningeonyesha mlango ule ule.

Hospitali waliandika kwamba ni moyo. Huenda kweli ni moyo. Wakati wa kumwandaa, ngumi yake haikufunguka kwa nguvu za wanaume. Nilipomwita, "Fundi," ilifunguka yenyewe. Mzinga ninao. Sikuthubutu kuuzika, sikuthubutu kuuyeyusha. Nimeufunga kwenye kitambaa laini. Hausogei. Hautoi sauti. Lakini nyakati za baridi, wakati shaba yote ya karakana inaganda, huo huwa vuguvugu kama kiganja cha mtu aliyelala.

Ndiyo maana siku hizi sala yangu ni moja, na wewe uliyesoma mpaka hapa nakuomba useme amina. Ee Mungu, ndiwe uliyempulizia mume wangu pumzi, na unajua ilipo sasa. Kama umeshaipokea, iweke karibu nawe, mahali ambapo hakuna mtu wa kuja kuidai. Na kama bado imefungwa humu mkononi mwangu, ifungue Wewe, Bwana, maana mimi naogopa. Mpumzishe Fundi. Wapumzishe na wale wengine ambao niliwasikia na siwajui majina. Amina.