Mke Wangu Aliniomba Msamaha kwa Injini Niliyoiua Mimi

"Nisamehe, Baba Endah..."

Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Paji la uso kaliinamisha kwenye magoti yangu, machozi yanalowesha msuli wangu mpya wa Idi.

"Nisamehe makosa yangu yote ya mwaka huu. Na injini... kama ni kweli nilisahau maji, nisamehe."

Jamani!

Maji hakusahau! Injini niliiua mimi! Kwa mkono wangu huu na kwa mdomo wangu huu!

Na pale nimekaa kwenye kiti cha mianzi kama sultani wa Yogya. Watoto wananitazama. Wajukuu wamepanga foleni nyuma ya bibi yao, wanasubiri zamu yao ya kupiga magoti. Kwetu ndiyo Idi hiyo. Mdogo anainama, mkubwa anamwekea mkono kichwani, anamnong'oneza dua na msamaha sikioni.

Mnadhani nilimnong'oneza nini?

"Nimekusamehe, mama."

NIMEKUSAMEHE! Mimi!

Haya, tukaneni mmalize. Mkimaliza mnisikilize, maana leo siwapigi fiksi kama siku zote.

Mnaonisoma humu mnanijua. Darsono, mstaafu, wa kijiji kimoja pale Klaten, chini ya mlima wa volkano wa Merapi. Miaka yote ya kazi nilikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Taa ikiwaka nyekundu, nashusha kizuizi, nasimamisha kila kiumbe. Nimesimamisha mabasi, maharusi, hadi mkuu wa wilaya aliyekuwa anawahi msalani. (Huyo ni kweli. Wengine nilikuwa naongezea chumvi.)

Gari letu ni Kijang la zamani, aliliacha baba mkwe. Alilipa jina kama watu wanavyoyapa majina majambia na ngoma za urithi: Kyai Sabar, yaani Mzee Subira. Nusu ya maharusi wa kijijini walipandia humo. Na kila asubuhi mke wangu Sumirah hufungua boneti, hutia maji kwenye rejeta, halafu hukaza kifuniko mpaka kilie "tik!" Baba yake alimfundisha hivyo akiwa bado binti. Hajawahi kuruka hata asubuhi moja.

Sasa, kabla ya mfungo tukaamua wastaafu wote tukamwone mwenzetu mgonjwa kule Selo, juu kabisa, katikati ya milima miwili. Nyuma wamejazana kama mihogo kwenye gunia. Mimi usukani, na mdomo wangu unafanya kazi kuliko injini.

Nilikuwa nawapa ile hadithi ya siku niliyosimamisha treni ya mwendo kasi kwa kupepea msuli wangu mwekundu, nikabaki na chupi mbele ya abiria.

"Halafu dereva wa treni akasemaje?" mstaafu mwenzangu Ngadiman anauliza, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Subiri! Subiri nifike hapo!"

Ndipo nikauona mshale wa joto.

Umeingia pekundu.

Ndugu zangu, mimi! Mtu niliyelipwa maisha yangu yote kusimamisha watu kwenye nyekundu! Niliuona vizuri, na kando ya barabara palikuwa na nafasi nzuri ya kusimama. Lakini hadithi ilikuwa imefika patamu. Nikisimama, watashuka, watachimba dawa, watawasha sigara, hadithi itakufa.

Nikajisemea, kona moja tu.

Ikaja ya pili.

Hadithi haikufa. Ikafa injini.

GRRRK! Kimya. Moshi mweupe ukatufunika kama wingu la Merapi.

Nikashuka mbio, nikafungua boneti. Mpira wa maji umepasuka, umeacha mdomo wazi kama samaki aliyevuliwa. Kitu kidogo tu! Ningesimama mapema, tungefunga kipande cha mpira wa baiskeli, tukatia maji, tukaenda zetu.

Nikasikia viatu vya Ngadiman vinakuja.

Nikaung'oa ule mpira. Nikauchomeka kiunoni, ndani ya msuli, unaniunguza tumbo!

"Kulikoni, Darsono?"

Na ndipo mdomo wangu huu ukatoa neno ambalo sikulipanga.

"Hamna maji kabisa. Sijui Mama Endah asubuhi alikuwa anawaza nini."

"Aaaah..." wakaitikia wote.

Hiyo "aaaah" ilifika kijijini kabla ya gari lililotuvuta.

Nyumbani Sumirah alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Akaniuliza neno moja tu.

"Hayakuwemo?"

"Hayakuwemo, mama."

Akaingia ndani. Mimi nikaenda kuuficha ule mpira chini ya kitambaa cha tundu la njiwa wangu. Tundu lile haligusi mtu ila mimi. Ndivyo nilivyojua.

Kesho yake akaja fundi Bagyo. Akachungulia, akazungusha, akanusa, akatikisa kichwa.

"Imekauka, mzee. Njia ni mbili. Moja, tuishushe, tuifungue yote, tuchonge silinda, tutie pistoni mpya, kichwa cha injini kilichopinda tukakisawazishe. Itachukua muda. Mbili, tutafute injini ya mtumba kwa wauza vyuma, tung'oe hii, tupachike ile. Siku chache tu unawasha."

"Ya kwanza," akasema Sumirah.

"Ya pili," nikasema mimi.

Tumesema kwa pamoja. Bagyo akatutazama kama refa.

"Hiyo ya mtumba imetoka wapi?" Sumirah akauliza.

"Nani ajuaye, mama? Ni kama kuoa mjane wa mtu usiyemjua. Labda umepata dhahabu. Labda marehemu alikufa kwa sababu."

"Na wewe Bagyo ulioa nani?"

"Mjane, mama."

"Na bado unapumua."

"Kwa shida, mama."

Tukacheka. Halafu Bagyo akanimaliza.

"Lakini hii nikiifungua, nitajua kila kitu. Injini haifichi. Nitawaambia hadi kona iliyofia."

"Mtumba!" nikapayuka. "Injini hii imezeeka! Ikachukuliwe yote na mtu wa vyuma chakavu, leo leo!"

Sumirah akanigeukia taratibu.

"Mkono wa baba umo humo ndani, Baba Endah. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Unataka twende polisi waifute, waandike nyingine?"

"Ni chuma tu, mama."

Nilisema hivyo. Ni chuma tu. Na mbele yangu alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anavyompima mtoto homa.

Hatukukubaliana. Kyai Sabar akakaa bandani mfungo mzima, amefunikwa turubai. Lakini kila asubuhi bado nilimsikia Sumirah anatoka na birika lake. Anafika pale bandani, anasimama kidogo, halafu anayamwaga yale maji kwenye maua.

Mimi niko kitandani, najifanya nakoroma.

Ndipo ikaja Idi, na ule msamaha niliowasimulia.

Mngedhani nimefika chini kabisa, sivyo? Bado!

Baada ya Idi, Yatmi jirani yetu alimwoza binti yake. Sasa kwetu, kukiwa na shughuli, wanawake wote wanakwenda kusaidiana kupika, na kila mmoja ana nafasi yake. Ya Sumirah ni wali. Anasimamia moto na maji ya mvuke ya wali wa kijiji kizima, tangu mama yake alipomwachia. Mtu haombi nafasi ile. Unapewa, na ukipewa umeheshimiwa. Akirudi nyumbani huwa mweusi kwa masizi hadi viwikoni, na amejaa umbea mpya.

Siku ile alirudi saa sita mchana.

Mikono misafi.

"Mbona mapema, mama?"

"Kazi ilikuwa ndogo."

"Wali je?"

Akakaa kibarazani. Akatazama vidole vyake.

"Wamenipa kukata maharage. Na wale wasichana."

"Nani kakupa maharage?"

"Yatmi. Kasema, 'Dada Sumirah, safari hii pumzika, tusije tukasahau maji tukaunguza wali wa harusi.' Wakacheka. Nami nikacheka."

Hakulia. Angelia ningepata hata la kufanya, ningemletea hata maji. Alikaa tu, anageuzageuza ile mikono.

Ndugu zangu, nimesimulia uongo mwingi maishani na kila mmoja ulinipa kicheko. Huu mmoja umemnyang'anya mke wangu moto wake.

Nikainuka. Nikapiga magoti pale kwenye saruji. Yalilia yote mawili, kra! kra! Kwetu mume hapigi magoti kwa mkewe, mpita njia angedhani nimepata kiharusi.

"Sumirah. Maji yalikuwemo. Mpira ulipasuka. Mshale niliuona, sikusimama kwa sababu ya hadithi yangu ya kijinga. Halafu nikakutwika wewe."

Akainuka, akaenda kwenye tundu la njiwa. Akapitisha mkono chini ya kitambaa bila hata kutafuta. Akarudi na ule mpira, akauweka mapajani.

Nikakauka kama dagaa.

"Ulijua?"

"Unadhani nani anasafisha kinyesi cha ndege wako? Wewe?"

"Tangu lini?"

"Wiki ile ile. Na hata bila huu, kile kifuniko nilikisikia kikilia 'tik.' Mimi najua nilichokisikia."

"Sasa kwa nini siku ya Idi ulipiga magoti ukaniomba msamaha?"

Akanitazama, na jicho lake lilikuwa limechoka.

"Nilitaka sikio langu liwe karibu na mdomo wako, Baba Endah. Nilidhani utaninong'oneza."

Nikainamisha paji la uso kwenye magoti yake. "Nisamehe, mama."

"Nimesikia," akasema. Hakusema amenisamehe. "Kamwite Bagyo. Ifunguliwe. Na siku ikiwaka, tutaita majirani tule wali wa shukrani, na wewe utawaambia. Wote. Bila kuongeza chumvi."

Bagyo akaishusha, akaifungua, akachonga, akasawazisha, akapachika pistoni mpya. Siku aliyoiwasha, Kyai Sabar alikohoa, akatema moshi, kisha akanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Sumirah akaweka kiganja juu ya boneti. Na mimi nilitaka kuweka changu, nikaona aibu, nikakirudisha mfukoni.

Jioni majirani wakajaa. Wanaume tumekaa mikekani tumeuzunguka wali wa manjano uliofinyangwa kama mlima. Wanawake wako nyuma ya pazia la jikoni, masikio yote huku.

Nikasimama. Nikautoa ule mpira.

"Jamani, nina neno. Mke wangu hakusahau maji. Ulipasuka huu. Mshale ulikuwa pekundu, niliuona, nikaendelea kuendesha ili nimalize hadithi. Niliua injini mimi, nikamsingizia yeye."

Ngadiman akapasuka kicheko!

"Wewe Darsono! Treni ya mwendo kasi uliisimamisha na msuli, Kijang likakushinda?"

Mkeka mzima ukalala kwa kucheka!

"Sitanii! Ni kweli!"

"Ndivyo unavyosemaga kila siku!"

"Bagyo! Waambie, wewe uliifungua!"

Bagyo akajikuna.

"Mzee, nilichokiona ni injini iliyopikwa bila maji. Mpira sikuukuta mahali pake, nikadhani ulidondoka gari likivutwa; ungekuwepo ningesema. Mpira mkuukuu kama huo hata mimi ninao gereji."

Mnaona? Kitu pekee ambacho kingemsafisha mke wangu, niliking'oa mwenyewe kwa mkono wangu, nikakichomeka kiunoni.

Nyuma ya pazia nikamsikia Yatmi, anapenga kamasi.

"Jamani, mume ndiye huyo! Anajitwika kosa la mkewe mbele za watu! Sumirah, dada yangu, una bahati wewe."

Wakapiga makofi. Walinipigia MIMI makofi!

Nikamtazama Sumirah kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa amebeba sinia. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliyezoea, akaendelea kugawa wali.

Sasa gari limepona. Likipanda mlima, yeye anakaa mbele na jicho lake haliondoki kwenye mshale wa joto. Nikianza hadithi ananigusa goti, nami nanyamaza. Alishanisamehe, aliniambia juzi tukiwa tunalisha njiwa, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Lakini wiki iliyopita palikuwa na harusi nyingine. Nilimsubiri mlangoni.

Alirudi mapema. Mikono misafi.

Kwa hiyo nimekuja kwenu. Wewe mwenye mdomo mtamu kama wangu, nyekundu ikiwaka simama, hata kama hadithi imefika patamu. Na ukikosea, sema siku ile ile, wakati bado kuna mtu wa kukuamini. Mimi nilichelewa, na anayekata maharage ni yeye.

Na kama uko Klaten na unamfahamu Yatmi, mwonyeshe hii. Mwambie Darsono amesema, safari hii siyo hadithi. Amrudishie mke wangu moto wake.