Usibishane Naye

Hodi yenyewe Selpha hakuisikia. Alichosikia ni Mbeke akimgombeza, "Kwani kwenu mtu hupiga hodi akaachwa juani? Mkaribishe!"

Ulikuwa mchana wa kiangazi, mwaka wa 2004, na Kitengela ilikuwa imekauka hadi vumbi liliingia hata kwenye sufuria zilizofunikwa. Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu. Selpha hakushangaa. Alikuwa muuguzi msaidizi, ameajiriwa na Mwalimu Nzisa, binti wa Mbeke, amtunze mamake huyo aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, na kozini alifundishwa kwamba mgonjwa kama huyu usibishane naye. Akisema marehemu mumewe anakuja, usimwambie alishazikwa. Muulize atapikiwa nini. Mkubalie tu, atatulia. Ni mafundisho mazuri, na mimi siyalaumu. Ila waliofundisha hawakuwajua wote wanaopiga hodi.

"Karibu," Selpha akaiambia hewa. "Ingia ukae."

Pazia likavutwa ndani, na upepo haukuwepo. Kiti cha plastiki kando ya Mbeke kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa, na sebule yote ikanuka udongo mbichi wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Susu," Selpha alinong'ona, akimwita nyanya kwa Kikamba kama wajukuu wake, "huyu ni nani?"

"Ni mgeni," Mbeke akasema kwa furaha. "Anataka nimpigie hadithi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mbeke hakupona. Hapo awali alikuwa akisahau ovyo ovyo, kama gunia lililotoboka linavyodondosha maharagwe, leo jina la mjukuu, kesho choo kiko wapi, na mengine aliyaokota tena. Sasa alisahau kwa mpangilio. Asubuhi alikihadithia kile kiti harusi yake ya kule Mwala; jioni akaonyeshwa picha ya harusi hiyo, akauliza hawa ni watu wa wapi. Alihadithia shamba lake, na shamba likaondoka. Alimwimbia mgeni wimbo wa kuwabembeleza watoto, akaupoteza, na kesho yake Selpha, akikoroga uji jikoni, aliusikia wimbo uleule ukiimbwa sebuleni kwa sauti safi ya msichana, akaacha mwiko ndani ya sufuria akakimbia, akamkuta Mbeke amelala mdomo wazi, na kiti kile kikitikisika polepole peke yake.

"Mwalimu, hiki kitu kinamkula," alimwambia Nzisa aliporudi kutoka shuleni. "Na ni mimi nilikikaribisha."

"Ni ugonjwa, Selpha. Si daktari alisema ataendelea kusahau?"

"Na ile harufu je? Ni ya ugonjwa?"

Nzisa akafungua dirisha. Harufu ile naye alikuwa ameisikia tayari.

Alikuwa shemasi, kwa hiyo alianza na maombi. Yaliposhindwa alimleta Mulwa, mganga kutoka Machakos, akawaambia majirani ni mjomba. Mulwa hata mkoba wake hakuufungua. Alisimama katikati ya sebule akinusa.

"Nani alisema karibu?"

"Mimi," Selpha akasema.

"Kwa neno la nani?"

"La Susu."

"Basi wewe ulikuwa mdomo tu. Jini la kukaribishwa halisikii dawa yangu. Mwenyeji wake ndiye wa kulifukuza. Aseme: mgeni, toka kwangu. Na ayamalize hayo maneno yote."

Nzisa akapiga magoti, akamshika mamake mikono. "Mwaitu, mama yangu, sema na mimi. Mgeni..."

"Mgeni," Mbeke akasema, akakigeukia kiti. Uso wake ukachangamka. "Mgeni, kwani umekula?"

Walijaribu hadi jua likaelekea vilima vya Ngong. Mara alifika kwenye "toka" akasahau ni nani anayetolewa. Mara alimkaripia Nzisa: "Mtoto, ulilelewa na nani wewe? Mgeni hafukuzwi!" Maskini, alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa ukarimu, na ukarimu ndio lile jini lilikuwa limeukalia. Selpha alitoka nje akalia.

"Amebakisha nini?" Mulwa akauliza akishika njia.

"Mimi," Nzisa akasema. "Bado ananijua jina."

"Basi asilihadithie."

Nzisa akaomba ruhusa shuleni. Alikaa mwenyewe kwenye kiti kile kutwa, baridi ikimpanda mgongoni, na kila mamake alipofungua mdomo kuhadithia alimkatiza kwa chai, kwa wimbo wa kanisa, kwa lolote. Lakini mgonjwa ni wa kuoshwa, na kuna siku tangi lilikuwa tupu, Mbeke amejichafua, Selpha ameenda kununua dawa, na mwenye punda wa maji akaita nje ya geti.

Nzisa alikimbia. Alichukua mitungi, hakungoja hata chenji, akarudi maji yakimwagikia miguuni, na alipofika mlangoni aliisikia sauti ya mamake, tamu, bila haraka, sauti ya zamani ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka, ikieleza juu ya mvua iliyonyesha usiku kucha, na mkunga aliyechelewa kwa sababu mto ulikuwa umejaa, na mtoto wa kike aliyezaliwa akiwa amekunja ngumi, "...nikamfunika na leso yangu, nikamwita Nzisa."

"Mwaitu!"

Mbeke aligeuka, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mpita njia.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Mwaitu, ni mimi. Ni Nzisa."

"Nzisa?" Mbeke akacheka kidogo, kwa huruma, akakipapasa kiti kilichokuwa kando yake. "Nzisa wangu si ndiye huyu?"

Kiti kikalia. Na kutoka pale, ndani ya ile harufu ya udongo, Nzisa akaisikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona:

"Mwaitu, usibishane naye. Mkubalie tu, atatulia."