Moto Ambao Johana Hakuuona

Ukungu wa jioni ulikuwa umeshuka kijijini Chepseon. Rebeccah alichukua ndoo ya kukamulia, akaelekea kwa ng'ombe kama alivyozoea. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, akampokonya ndoo mlangoni.

"Wacha! Wewe umechomwa na mashine. Huo moto iko kwa mikono yako. Ukikamua, maziwa ya mursik itaharibika kwa kibuyu."

Rebeccah alikuwa na saratani ya titi. Alikuwa ameanza kutibiwa kwa mionzi Nairobi, akaja nyumbani kwa Pasaka. Sasa hata mjukuu alikatazwa kumkaribia. Mumewe, Johana, aliyaona hayo akanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa akilala jikoni, akisema anachunga ndama. Ndama hakuwa na ugonjwa wowote.

"Basi sirudi huko," Rebeccah akasema. "Heri nife na watu wangu kuliko kupona peke yangu."

Daktari alikuwa amewaonya: tiba ikikatizwa, uvimbe utapata nguvu.

"Twende mara moja tu," Johana akamsihi. "Nitauliza mwenyewe habari ya huo moto."

Hospitalini, mashine iliendeshwa na Dorcus, mama mcheshi kutoka upande wa Ziwa Victoria. Johana akamweleza habari ya moto.

"Mzee, hiyo mashine umeiona?" Dorcus akamuuliza.

"Nimeisikia tu."

"Ya kusikia hayana macho. Mama, unakubali atazame?"

Rebeccah aliinua mabega. "Atazame. Hajaniangalia tangu nifike nyumbani."

Dorcus akamlaza, akampandisha mkono juu ya kichwa, akaielekeza mashine kwa kufuata alama za wino kifuani. Kisha akatoka, akafunga mlango mzito. Johana akasimama naye nyuma ya kioo kinene.

Alingoja moshi. Alingoja harufu ya kuungua.

"Nilifikiri ni kama boila ya kiwanda cha chai," akanong'ona.

Hakukuwa na mwali wowote. Mashine ilinguruma tu. Alichoona ni mke wake, mdogo kama mtoto kwenye kitanda kile, akitazama dari, bila mtu karibu. Ndivyo walivyomwacha hata nyumbani. Johana akamgeukia Dorcus.

"Kama si hatari, mbona wewe umetoka?"

"Yeye ni mgonjwa, hiyo ni dawa yake. Mimi nalaza wagonjwa kutwa nzima, kila siku. Nikibaki ndani nitakula dawa ya watu wote."

Dorcus akaongea kwenye kipaza sauti. "Mama, mzee wako yuko hapa. Anakuangalia."

Kidole cha mguu cha Rebeccah kikacheza.

"Usitingishike!"

Mashine iliponyamaza, Dorcus akaingia, akamwinua Rebeccah kwa mikono mitupu.

"Huvai glavu?" Johana akauliza.

"Ya nini? Mionzi hii ni kama taa. Ukizima, mwanga haubaki ukutani. Haibaki mwilini, na saratani yenyewe haiambukizi. Kuleni pamoja, mlale pamoja, abebe mjukuu. Atachoka, na ngozi ya kifua itakuwa nyeusi zaidi. Msimpake kitu bila kutuuliza. Kuna tiba nyingine ya kuwekewa mionzi ndani ya mwili. Hiyo ina masharti yake, na mgonjwa huambiwa. Hii si hiyo."

"Na maziwa?"

"Akamue, mzee, mpaka ng'ombe wachoke!"

Rebeccah hakucheka. Walipotoka, Johana akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Kumbe unaogopa ukiwa humo?"

"Kila siku. Na wewe ulikuwa unachunga ndama."

Johana hakuuachilia mkono.

Johana hakumweleza mama yake mengi. Wiki iliyofuata alimleta hospitalini. Kogo aliweka paji la uso kwenye kioo, akamtazama Rebeccah.

"Analala hivyo, peke yake?"

Mlango ulipofunguliwa, alimpita Dorcus, akavua leso yake, akamfunika Rebeccah mabega. Kisha akamshika uso kwa mikono yote miwili.

Rebeccah alimaliza tiba. Uvimbe ulipungua, ingawa daktari hakuahidi lolote. Lakini tangu siku ile hakulala tena kwenye kitanda kile bila mtu wake kusimama nyuma ya kioo.