Wanawake Wawili wa Chama cha Wavuja Jasho

Nyakerario ni mjane anayeishi kijiji cha Nyacheki. Kila asubuhi huchuma majani chai pamoja na mjukuu wake, Kwamboka.

Siku moja walikwenda Kenyenya. Chama cha Wavuja Jasho, cha wachumaji chai, kilikuwa kinawakumbuka waasisi wake, waliofungwa zamani kwa sababu ya mgomo. Mwenyekiti alitaja majina yao, yote ya wanaume. La kwanza lilikuwa la marehemu mume wa Nyakerario. Nyakerario mwenyewe aliombwa asaidie kupakua chakula.

Walipokuwa wakirudi, Kwamboka alifoka. "Nyanya, si wewe pia ulifungwa?"

"Nilifungwa, mimi na Bathsheba. Sisi ndio tuliowaambia wachumaji wagome. Wanaume walitufuata baadaye. Bathsheba alipigwa kule ndani, akafa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wakaniambia, chama kwanza, mambo ya wanawake yangoje."

Kwamboka alikwenda Kisii kumwomba ushauri rafiki yake Janat, anayefanya kazi maktabani.

"Mrekodi nyanya yako kwa simu," Janat alisema. "Lakini kwanza muombe ruhusa. Aongee Kigusii, asihangaike kutafuta maneno. Uliza swali fupi, kisha nyamaza. Akilia, zima simu. Yeye ndiye ataamua kama mtaendelea."

"Na wakisema ni uongo?"

"Tafuta shahidi mwingine. Halafu weka nakala kwingine, simu isije ikapotea na maneno yake."

Kwamboka alifanya hivyo. Nyakerario alisimulia jikoni huku akichambua maharagwe. Kisha Kwamboka alimwendea mzee Onchiri, aliyefungwa wakati huohuo.

"Ni kweli," Onchiri alisema. "Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka cheo."

Mwaka uliofuata, sauti hizo zilisikika mkutanoni Kenyenya. Wanachama wakadai wanawake hao nao watambuliwe. Leo majina ya Nyakerario na Bathsheba yameandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chama, na walimu huwaleta wanafunzi kuyasoma.

Siku majina yalipoandikwa, mwenyekiti alimnyooshea Nyakerario mkono. "Mama, sasa umefurahi?"

Nyakerario hakuupokea.

"Waliomuua Bathsheba walimwambia mama yake kwamba bintiye alikuwa mwizi," alisema. "Nyinyi mliujua ukweli. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Yule mama aliacha kwenda sokoni, akaacha kwenda kanisani, akafa kwa aibu isiyo yake kabla mimi sijafunguliwa. Kaburi lake liko kule juu kilimani. Nenda ukamuulize yeye kama amefurahi."